Kumfuga chura wa mitini ndani ya nyumba: mwongozo kamili kwa anayeanza

Chura hanywi maji kwa mdomo. Hukaa ndani ya maji, akabana tumbo chini, na maji yakapita kwenye ngozi ya tumbo na mapaja hadi mwilini. Ukilishika hilo, karibu kila nitakachoeleza hapa utakielewa kabla sijamaliza sentensi: kwa nini maji ya bomba yanaweza kumdhuru, kwa nini usimguse ukiwa umejipaka losheni, kwa nini udi usifukizwe chumba alichomo. Kinachoigusa ngozi yake, amekinywa.

Naandika nikiwa Leicester, Uingereza, nilikohamia kutoka Muheza, na huu ni mwaka wa sita naishi na chura mmoja jike. Anaitwa Shangazi, kwa sababu ana mikunjo miwili ya ngozi juu ya macho inayomfanya aonekane kama mtu aliyekuja kukagua kama nyumba imefagiliwa. Mama alipomwona mara ya kwanza kwenye simu ya video alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, chura mezani?" Nikamjibu si mezani, mama, yumo kwenye kioo. "Haya. Lakini msimuue, Mtume kakataza kuua chura." Siku hizi akipiga simu humwulizia Shangazi kabla yangu.

Kwanza, chura gani?

Vyura wa mitini ni jamii kubwa, na wengi wao hawafai kwa anayeanza. Yule maarufu wa kwenye picha, mwenye macho mekundu na ubavu wa buluu na manjano, Agalychnis callidryas wa Amerika ya Kati, ni mzuri mno kumtazama, lakini ni mwembamba, anataka unyevu mwingi, na kosa dogo analilipia haraka. Tangu 2010 biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, Kiambatisho cha Pili. Mwache kwanza.

Ninayemzungumzia hapa ni chura wa White, Litoria caerulea, ambaye siku hizi utamkuta pia kwa jina la Ranoidea caerulea. Kwao ni kaskazini na mashariki ya Australia na kusini mwa kisiwa cha New Guinea. Ni mnene, mtulivu, hufika sentimita 10 hivi, na huvumilia hewa kavu kuliko vyura wengi wa mitini kwa sababu ngozi yake ni nene na ina nta. Huko Queensland huingia wenyewe majumbani, na watu huwakuta kwenye mabomba ya mvua, masanduku ya barua na hata ndani ya choo. Mnyama aliyekubali kuishi chooni kwa mtu hatakusumbua sana sebuleni.

Jina lake lina kichekesho chake. Caerulea kwa Kilatini ni buluu, ilhali chura huyu ni wa kijani. John White, daktari mkuu wa msafara wa kwanza wa Waingereza kwenda Australia, alimweleza kitabuni mwaka 1790 kwa kutumia chura aliyekufa aliyehifadhiwa kwenye dawa. Dawa ilikuwa imeharibu rangi ya manjano ya ngozi ikaacha buluu peke yake, na jina likabaki hivyo.

Kabla hujaendelea, jua kwamba chura huyu akitunzwa vizuri huishi miaka 15, pengine 20. Mwanao wa miaka saba aliyemlilia dukani atamaliza shule, ataoa, na chura utabaki naye wewe.

Na vyura wa kwetu?

Naulizwa sana hili na walioko nyumbani. Milima ya Usambara, juu ya kwetu Muheza, ina vyura wake wa mitini. Mmoja wao, Leptopelis vermiculatus, wa kijani mwenye michirizi myeusi kama njia za mchwa kwenye mbao, kwa miaka mingi alikamatwa msituni akauzwa Ulaya na Marekani. Nilimkuta siku moja kwenye duka la wanyama, pua imechubuka kwa kugonga kioo. Nilisimama pale kama mtu aliyekutana na jirani yake kwenye uwanja wa ndege wa ugenini. Sikumnunua, ukimnunua huyo, unaagiza mwingine akamatwe.

Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Ndani ya nchi, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kwa Kenya ile ya 2013, hazikuruhusu uokote mnyamapori ukamfuge bila kibali. Ukiwa Tanga au Kilifi na unapenda vyura, chimba kidimbwi kidogo uani, tia mimea na usitie samaki. Watakuja wenyewe na mvua za masika. Mwongozo huu ni wa anayeishi mahali ambapo chura wa White huzalishwa na wafugaji na kuuzwa kihalali.

Hatua ya kwanza: jenga nyumba, chura asubiri

Kosa la wengi ni kutoka dukani na chura mkono mmoja na tangi mkono mwingine. Tangi liwe tayari, limewaka na kupimwa, wiki mbili kabla.

Chura wa mitini hupanda juu, si mnyama wa kutembea chini, kwa hiyo kimo ndicho muhimu. Kwa mmoja au wawili wazima, tangi la kioo la sentimita 45 kwa 45 na kimo cha 60 ndiyo chini kabisa. Ukipata la upana wa 60 na kimo cha 90 usiache. Milango ya mbele ni bora kuliko mfuniko wa juu, kwa sababu mkono ushukao kutoka juu kwake ni ndege anayewinda. Juu kuwe na wavu mzuri wa kupitisha hewa. Hewa iliyotuama ndani ya kioo chenye maji huzaa ukungu, na ukungu huishia kwenye ngozi.

Chini, tandika vumbi la makumbi ya nazi. Ndiyo, yale makumbi yetu. Huku huuzwa kama matofali madogo yaliyokaushwa. Unayaloweka, yanafura, unayakamua hadi yasitoe maji ukiyafinya. Unene wa sentimita tano watosha. Usitie kokoto ndogo. Chura hurukia mdudu na kumeza kila kilicho karibu naye, na kokoto tumboni haitoki bila daktari. Wengine hutandika karatasi ya jikoni tu maisha yote, na chura haoni aibu.

Kisha matawi ya kulala na kupandia, manene kuliko mwili wake, yaliyobanwa yasianguke. Gome la mti koki lililosimamishwa pembeni ni kitanda anachokipenda mno. Kwa mmea, tia pothosi, ule wa kutambaa wenye majani kama moyo ambao kila saluni inao. Haufi, huvumilia kukanyagwa, na majani yake hubeba matone. Uoshe kwanza majani na mizizi, uondoe udongo wa dukani wote, kwani una mbolea na mara nyingi dawa za wadudu.

Hatua ya pili: maji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoharibu.

Bakuli liwe pana, la kutosha chura kukaa mwili mzima, na maji yasizidi kimo cha kidevu chake akiwa amekaa. Hawa si waogeleaji wa sifa. Maji hubadilishwa kila siku, maana chura akishakunywa hapo, hujisaidia hapo hapo.

Nilikua nikijua kwamba maji ya bomba ukiyaacha wazi kwenye ndoo usiku kucha, klorini hutoka. Ni kweli kwa klorini. Lakini makampuni mengi ya maji hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, nayo haitoki kwa kuachwa wazi. Wiki ya tatu Shangazi alianza kukataa bakuli. Alikuwa akishuka, anatia vidole vya mbele, anarudi juu haraka kama aliyekanyaga jiko. Ngozi ya tumbo ikawa na wekundu. Nilidhani ni joto, nikashusha joto. Nikadhani ni upweke, nikakaa naye. Daktari wa wanyama aliniuliza swali moja tu: maji unayatibu kwa nini? Sikuwa na jibu.

Nenda duka la samaki wa mapambo, nunua dawa ya maji inayosema wazi kwamba inaondoa klorini na kloramini pamoja na metali nzito. Matone machache kwa lita, na kipimo kimeandikwa kwenye chupa. Maji ya kunyunyizia pia yapitie dawa hiyo. Usitumie maji yaliyosafishwa hadi hayana madini kabisa kama maji yake ya bakuli. Baada ya siku tisa za maji yaliyotibiwa Shangazi alishuka, akakaa bakulini saa nzima, macho nusu yamefumbwa.

Bakuli lisioshwe kwa sabuni ya vyombo. Maji ya moto na brashi yake ya pekee, basi. Likiwa na utando wa chumvi, futa kwa siki, kisha suuza mpaka usisikie harufu.

Hatua ya tatu: joto, mwanga, unyevu

Mchana upande wenye taa uwe nyuzi 27 hadi 29 za Selsiasi, na upande wa pili 23 au 24, ili achague mwenyewe. Usiku joto lishuke hadi 20 au 21. Kwa nyumba za huku, ambazo mwezi Januari hushuka hadi 16 usiku, utahitaji chanzo cha joto kisichotoa mwanga, kilichounganishwa na thamostati, kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe. Bila thamostati unapika. Taa ya joto ikae nje ya wavu au iwe na kizuizi, kwa sababu chura hupanda popote penye joto na hasikii kuungua mpaka ameungua. Mkeka wa joto, ukiutumia, ubandike ubavuni mwa tangi. Usiuweke chini, maana chura aliyeona joto hukimbilia chini, na huko ndiko utakakokuwa umewasha moto.

Weka vipima joto viwili, juu na chini, na kipima unyevu kimoja. Vya kidijitali vya bei nafuu vinatosha. Vile vya mshale vya kubandika vina tabia ya kusema uongo.

Unyevu uwe kati ya asilimia 50 na 70. Nyunyizia asubuhi na jioni mpaka kioo kitoe jasho, kisha acha kikauke. Tofauti ya kupanda na kushuka ndiyo inayotakiwa. Tangi linalolowa mchana kutwa ni kinamasi.

Kuhusu taa ya miale ya UVB, utasoma kwamba chura ni mnyama wa usiku hivyo haihitaji. Mimi naiweka. Hawa hulala mchana mahali wazi juani mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na miale hiyo huwasaidia kutengeneza vitamini D3 inayojenga mifupa. Taa ya kiwango cha chini, asilimia 5 au 6, saa 12 kwa siku, na kivuli cha kutosha cha kujifichia. Ibadilishe kila baada ya miezi 6 hadi 12 kama mtengenezaji anavyoelekeza. Itaendelea kuwaka baada ya hapo, lakini miale imekwisha na jicho lako halijui.

Hatua ya nne: kumchagua

Mnunue kwa mfugaji aliyemzalisha mwenyewe, na umwombe akuonyeshe wazazi. Chura wa kuanzia awe walau sentimita nne; wadogo zaidi hufa kwa makosa madogo.

Nenda jioni, taa zikianza kuzimwa. Chura mzima, ukimgusa, hufungua macho yote mawili mara moja, hujikusanya na kukamata kwa vidole. Tumbo lijae bila kuvimba, taya liwe imara, pua isiwe na mchubuko, na ngozi isiwe na madoa mekundu upande wa chini. Omba alishwe mbele yako. Muuzaji akisema amekula asubuhi, rudi kesho.

Ukitaka wawili, wawe na ukubwa mmoja. Mkubwa atamla mdogo bila chuki yoyote, na usichanganye jamii mbili tofauti hata kama dukani wamekaa pamoja.

Wadogo hawatambuliki dume na jike. Ukibahatika dume utajua: hulia kwa sauti nzito ya kukwaruza, hasa akisikia mvua, mashine ya kufulia au mtu anayetumia kifyonza vumbi. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, lakini jirani wa chini si ng'ombe.

Hatua ya tano: mwezi wa kwanza

Mweke kwanza peke yake kwenye tangi dogo la kawaida: karatasi ya jikoni chini, bakuli, tawi, majani ya plastiki ya kujifichia. Siku 30 kama ni wa pekee, 60 kama una wengine. Karatasi hukuonyesha kinyesi, na kinyesi kibichi kipelekwe kwa daktari kipimwe minyoo. Wakati huo huo omba kipimo cha kuvu ya Batrachochytrium dendrobatidis, iliyotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambayo imefuta jamii nyingi za vyura duniani. Hushambulia ngozi, na tayari unajua ngozi ni nini kwa chura. Ikigunduliwa mapema inatibika.

Kwa sababu hiyo hiyo, maji machafu ya tangi usiyamwage bustanini wala mtaroni. Yatie dawa ya kufulia yenye klorini, yaache, kisha mwaga chooni.

Siku tatu za kwanza usimguse wala usimlishe. Hatakula, na nyenje, wadudu wa chakula chake, watamtembea kichwani.

Usishtuke na jambo hili. Usiku mmoja wa wiki ya pili nilimkuta Shangazi amekunja mgongo, anaachama na kufumba kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki, huku miguu ya nyuma inapangusa ubavu. Nilikwishashika simu. Kumbe alikuwa anavua ngozi. Ngozi ya juu, nyembamba kama utando wa maziwa yaliyochemka, huisukuma kutoka mgongoni kuelekea mdomoni, akaila yote. Akimaliza hung'aa kama embe lililooshwa.

Hatua ya sita: chakula

Nyenje ndio ugali wake. Wapo wanaouzwa kwa ukubwa tofauti. Nyenje asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya chura. Badilisha kwa mende wa dubia, nyungunyungu waliooshwa, nzige wadogo. Funza wa unga ni kama vitumbua, kwa nadra. Panya wachanga usimpe, hata ukimwona anawameza kwa furaha kwenye video za watu. Wadudu wa bustanini pia hapana, kwa sababu hujui wamepita kwenye dawa gani.

Mdudu aliyekufa njaa hana cha kumpa chura. Siku moja kabla, walishe nyenje karoti, sukuma wiki, kipande cha boga. Kisha watie kwenye mfuko na unga wa kalsiamu wenye D3, utikise kama unavyotikisa vipande vya samaki na unga wa ngano, watoke weupe. Kwa wadogo fanya hivyo kila mlo. Kwa wazima, mlo mmoja kati ya miwili. Mara moja kwa wiki badala ya kalsiamu tumia unga wa vitamini mchanganyiko wenye vitamini A ya retinoli, kwa kuwa karotini, ile ya kwenye karoti, pekee haiwasaidii vya kutosha. Kopo likifunguliwa, lina miezi sita.

Mlishe baada ya taa kuzimwa. Mkaribie umwone: ulimi hutoka, mdudu hupotea, kisha macho yote mawili yanazama kichwani. Hafurahii ladha. Anatumia mboni za macho kusukuma chakula kooni.

Mdogo hula kila siku au siku moja hapana moja ndiyo. Mzima, mara mbili kwa wiki, nyenje watano hadi wanane. Na hapa ndipo upendo unapoua. Chura wa White hakatai chakula. Mimi nilimlisha kila aliponitazama, naye hunitazama kila saa. Mikunjo ya juu ya macho ikashuka hadi ikaanza kufunika masikio. Kwenye mizani ya jikoni alikuwa na gramu 104. Daktari akanionyesha namna ya kusoma: mikunjo isipoonekana kabisa, amekonda, ikionekana imekaa juu ya sikio, sawa, ikimwagikia sikio au jicho, punguza. Tulikwenda kwenye mlo mmoja kwa wiki, na bakuli nikalihamishia mbali na tawi alilolala ili atembee. Ilichukua miezi mitano kufika gramu 82. Mke wangu alisema chura ndiye pekee nyumbani aliyefuata masharti.

Sasa nampima kila Jumapili. Weka kikopo chenye mfuniko kwenye mizani, rudisha sifuri, mtie chura, andika. Daftari hilo litakuambia ugonjwa wiki mbili kabla ya macho.

Nyenje wasioliwa watoe baada ya dakika 20. Wakikosa chakula usiku humng'ata chura vidole.

Hatua ya saba: usafi, na mambo ya nyumba zetu

Kila siku toa kinyesi, badili maji, futa kioo. Kila mwezi toa sehemu ya makumbi, weka mapya. Kila miezi mitatu badili yote.

Hili linalofuata hutalikuta kwenye vitabu vya Wazungu. Sisi ni watu wa udi, ubani, marashi na dawa ya mbu ya kupuliza. Moshi na manukato hutua kwenye maji na kwenye ngozi. Chagua chumba kimoja ambacho udi hauingii, hata siku ya Idi, na wageni waambiwe. Dawa ya mbu ya kupuliza usiitumie kabisa kwenye nyumba hiyo ya chura. Tumia chandarua au wavu wa dirisha. Jikoni napo hapafai, kwa mafuta yanayoruka na mvuke wa sabuni.

Hatua ya nane: kumshika

Mara chache, na kwa sababu. Osha mikono kwa maji mengi, suuza mpaka isiteleze, kisha ilowe kwa maji yaliyotibiwa. Au vaa glavu zisizo na poda, ukazilowesha. Usimbane. Weka kiganja mbele yake, msukume kidogo kwa nyuma, atapanda mwenyewe na kukubandika vidole baridi. Dakika mbili zinatosha. Ukimaliza osha mikono kwa sabuni, na watoto vivyo hivyo, maana vyura wanaweza kubeba salmonela. Ngozi yake hutoa majimaji ya kujilinda, usijipanguse macho.

Dalili za kukupeleka kwa daktari

Tafuta daktari anayejua vyura kabla hujamhitaji, maana wengi huishia kwa mbwa na paka. Mpeleke akikataa chakula wiki mbili, akikaa majini mchana kutwa, akiwa na wekundu chini ya mapaja na tumbo, akivimba kama puto, akivua ngozi vipande vipande bila kumaliza. Taya laini, mgongo uliopinda na vidole vinavyotetemeka ni mifupa inayokosa kalsiamu. Akishindwa kumlenga mdudu, ulimi unagusa lakini haunasi, uliza kuhusu vitamini A.

Ukimkuta dhaifu ghafla na unashuku maji au dawa, mtie kwenye chombo safi chenye maji yaliyotibiwa ya kina cha kidole kimoja, yenye joto la chumba, na uyabadilishe mara kadhaa ukiwa njiani kwa daktari. Usimpake dawa yoyote ya binadamu. Krimu za majeraha zenye kiondoa maumivu, ambazo kwako ni baridi tu, kwake zinaingia moja kwa moja kwenye damu.

Ukisafiri

Mzima hukaa wiki bila chakula asidhurike, lakini bila maji safi hapana. Tulipokwenda nyumbani wiki tatu, jirani yetu alikuja kila jioni. Nilimwandalia chupa za maji yaliyotibiwa, zimeandikwa tarehe. Taa na joto vilikuwa kwenye saa ya kujiendesha. Na nyenje niliwagawa kwenye vikopo, kila kikopo mlo mmoja, ili huruma isimzidi. Kwenye jokofu nilibandika karatasi: badili maji, nyunyizia, soma vipima joto, nitumie picha. Mstari wa mwisho ulisema, usipomwona usinipigie simu saa nane za usiku, angalia kwanza nyuma ya gome, upande wa kulia, juu.

Alipiga siku ya pili. Alikuwa upande wa kushoto.